Tunajuaje kuwa Joto Hili Limeletwa na Binadamu?

Nikikutana na wakulima au wavuvi, swali hili halikosi: "Mtaalamu, jua si liliwaka hata enzi za mababu? Mmejuaje kuwa safari hii ni sisi?" Ni swali la haki kabisa.

Mtafiti wa mbolea huweka mbolea shamba moja, jingine akaliacha, kisha akalinganisha mavuno. Sisi dunia tunayo moja tu. Ndiyo maana tunaunda nyingine ndani ya kompyuta, yaani modeli za tabianchi. Modeli hugawa anga na bahari katika visanduku, vingi vikiwa na upana wa kilomita 100 hivi, na kukokotoa kwa kanuni za fizikia jinsi joto, upepo na unyevu vinavyohama kutoka kimoja hadi kingine.

Tukiiendesha kwa jua na volkano pekee, joto la karne iliyopita linabaki karibu palepale. Tukiongeza gesijoto (gesi zinazonasa joto, kama hewa ukaa) na moshi wa viwanda, linapanda kama vipimajoto vinavyoonyesha. Mwaka 2021 IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, lilikadiria kuwa hadi mwongo wa 2010–2019 binadamu tumeongeza nyuzijoto 1.07 tangu 1850–1900. Mchango wa jua na volkano ni karibu sifuri.

Ushahidi unaonigusa zaidi uko juu angani. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa kuwa hewa ukaa ikiongezeka maradufu, huku chini kutapata joto na stratosfia, yaani tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua, litapoa. Kama kisababishi kingekuwa jua, juu nako kungepata joto. Setilaiti na maputo ya hali ya hewa vimepima kwa miongo kadhaa: stratosfia imepoa. Kupungua kwa ozoni, gesi inayonasa miale ya jua huko juu, kumechangia, ila hewa ukaa ina sehemu kubwa, hasa juu kabisa. Manabe alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021.

Kwenye mvua zetu, lakini, modeli bado zinayumba. Nyingi zinaashiria mvua kuongezeka Afrika Mashariki, ilhali masika yalipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980. Kisanduku kimoja kinaweza kuumeza Mlima Kilimanjaro wote, barafu ya kileleni pamoja na migomba ya mteremkoni, na kuuhesabu kama nchi ya kimo kimoja. Mkulima wa Moshi anajua si hivyo.