Majivu ya marehemu kwenye kiwanja cha kanisa

Wengi hapa Tabora huamini kwamba kiwanja kikiwa cha kanisa, majivu ya marehemu aliyechomwa yanaweza kuhifadhiwa hapo bila kuuliza halmashauri. Umiliki ni jambo moja, matumizi ya ardhi ni jingine. Soma hati miliki, kipengele cha matumizi: kikisema ibada, usidhani kimejumuisha maziko au kuhifadhi majivu. Beba namba ya kitalu na ya kiwanja kwa afisa mipango miji, uombe kuona mchoro ulioidhinishwa wa matumizi ya ardhi ya eneo hilo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali kabla ya kubadili matumizi. Majivu yenyewe ni kama kilo 2 hadi 3 tu na hayaambukizi, lakini ukuta wa kuyahifadhi ni jengo, nao unahitaji kibali cha ujenzi. Fundi azibe vizuri juu. Mvua ikipenya, chombo cha chuma hushika kutu.