Mjadala wa siku sita haukuanza na Darwin
Wengi huamini kwamba Wakristo wote walizisoma siku sita za uumbaji neno kwa neno, hadi kitabu cha Darwin cha 1859 kuhusu mageuzi ya viumbe kilipowalazimisha kutafuta maana ya mafumbo. Si kweli. Fungua Mwanzo 1: nuru inatokea siku ya kwanza, jua siku ya nne. Sasa jioni na asubuhi tatu za mwanzo zilipitaje bila jua? Mwanateolojia Origene wa Aleksandria aliuliza hilohilo katika karne ya 3 (na ni swali la msomaji makini, si la mkaidi), akaona hapo pana lugha ya mafumbo, si ya neno kwa neno. Agostino, askofu wa karne ya 4 na ya 5, alishikilia kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja. Basili Mkuu, askofu wa karne ya 4, kwa upande wake, alizihesabu siku hizo kuwa za saa 24.