Presha kila mtu anayo, hata wewe

Jamani leo naomba tuliongelee hili neno presha, maana hapa kliniki nalisikia toka asubuhi mpaka jioni na linawaponza watu.

Neno tumelitoa kwenye Kiingereza na huko kwao ni msukumo tu, wa kitu chochote, upepo kwenye tairi una presha, maji kwenye bomba yana presha, mtu akibanwa na bosi nae anasema yuko kwenye presha. Mwilini ni ule msukumo wa damu kwenye kuta za mishipa, kwahiyo kila aliye hai anayo, ikikosekana ujue moyo umesimama. Ugonjwa ni pale inapokaa juu, na wao wanauita haipatensheni. Sisi neno la kipimo tumelifanya jina la ugonjwa, halafu tukalichanganya na hasira, si mnasikia "usinipandishe presha", basi mtu anaamini inakuja akigombana na inaisha akitulia.

Juzi kaja mama mmoja ananiambia, "mwanangu mimi presha ilishapona, nyumbani nina amani, kichwa hakiniumi, vidonge nimeacha". Nikamwambia mama kaa kwanza upumzike dakika 5, egemea kiti, usikunje nne, mkono weka hapa mezani na tusiongee. Mashine ikasoma 178 kwa 104. Alishtuka sana, maana hakuwa anaumwa popote, na ndo ulivyo huu ugonjwa, kwa wengi haupigi hodi, unakuja kujulikana mtu keshapata kiharusi au figo zimeharibika.

Hiyo namba ya juu ni msukumo pale moyo unapobana kusukuma damu, ya chini ni pale unapolegea ili ujae tena. Nzuri ni kama 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90 kwenda juu, hata namba moja tu, na ukipimwa siku nyingine bado iko hivyo, hapo tunasema iko juu. Dawa zinaishusha, hazing'oi, kwahiyo ukiona iko sawa ujue ni kidonge kinafanya kazi, sio umepona.

Ukipimwa usiridhike na "una presha" au "presha iko poa", uliza ngapi kwa ngapi, andika kwenye daftari na tarehe. Yule mama kaanza tena vidonge, wiki ijayo anarudi na daftari lake.