Tangazo la Jeshi Likikunyooshea Kidole, Lisome Mara Mbili

Kila msimu wa kuandikisha makurutu wa KDF, Jeshi la Ulinzi la Kenya, ukikaribia, dawati letu hapa Lamu hupokea malalamiko ya aina moja. Juzi mzee mmoja wa Langoni alinionyesha tangazo kwenye simu ya mwanawe: askari amenyoosha kidole, bendera nyuma yake, na maandishi mekundu, "Nafasi 3 zimebaki". Chini yake nambari ya kulipia shilingi 1,500 "za fomu". Aliamini kwa sababu ya nembo. Nembo, jamani, hata mtoto huipakua.

Kidole hicho kina zaidi ya miaka 100. Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, mchoraji Alfred Leete alimchora Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, kwenye jalada la jarida la London Opinion. Macho yanatazama mbele moja kwa moja, kwa hivyo simama kushoto au kulia, utaona ni wewe unayeitwa. Mwaka 1917 James Montgomery Flagg aliuiga mtindo huo Marekani, akampa Uncle Sam, yule mzee wa kuchorwa anayewakilisha Marekani, uso wake mwenyewe. Zilichapishwa nakala zaidi ya milioni 4.

Bango ninaloliona kali zaidi halina hata bunduki. Ni la 1915, kazi ya Savile Lumley: baba amekaa kitini, binti yuko mapajani anamuuliza alifanya nini vitani, mwana yuko sakafuni anachezea vinyago vya askari. Baba hajibu, anakutazama wewe. Kinachouzwa hapo ni aibu, tena ya siku ambayo haijafika. Na bado haikutosha, kwani Januari 1916 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume kujiunga. Huku kwetu wapagazi wengi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Uingereza, walichukuliwa kwa nguvu, bila kubembelezwa na picha yoyote. Jina lao likabaki kwenye mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam.

Tangazo halisi la KDF halikubembelezi. Linachosha: umri, urefu, alama za mtihani, kituo, tarehe. Hutoka magazetini na kwenye tovuti ya jeshi. Siku yenyewe kijana huja na kitambulisho na vyeti halisi, pamoja na nakala zake. Fomu ya kununua hakuna. Narudia kwa kuwa naulizwa kila siku: hakuna. Anayechaguliwa hupewa barua ya wito, na wapo waliofika kwenye kambi ya mafunzo ya makurutu huko Eldoret na barua bandia wakaishia mikononi mwa polisi.

Anayelipa ili apitishwe naye ana kosa. Sheria ya Hongo ya 2016 humbana mtoaji na mpokeaji: kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. "Mimi nilitoa tu" si utetezi.

Mkiletewa tangazo kama hilo, msilisambaze eti mnawaonya wenzenu. Piga picha ya skrini inayoonyesha nambari na tarehe, hifadhi ujumbe wa malipo kama ulishatuma, kisha nenda kituo cha polisi. Mzee wa Langoni alikuwa ameshaufuta wake, kwa hasira.