Uwanja wa ndege "wa karibu": tunavyodhani Dodoma na ilivyo hasa

Dodoma imetuzoesha vizuri. Uwanja wetu wa ndege uko katikati ya mji, na ukishuka, bodaboda inakufikisha Soko la Majengo kabla simu haijamaliza kupokea meseji zilizokusubiri angani. Kwa hiyo mtu wa hapa akiambiwa "uwanja wa London" au "uwanja wa Dubai", kichwani anaona picha hiyohiyo: mji mmoja, uwanja mmoja, nyumbani ni hapo tu.

Mama yangu mdogo wa Hombolo alisafiri na picha hiyo. Binti yake anasoma Cambridge, Uingereza. Wakala aliyetukatia tiketi alituambia "London", nasi tukaridhika. Siku ya kufika, mdogo wangu huyo akaenda kumpokea Heathrow, na mama mdogo akashukia Gatwick. Vyote viwili vinaitwa viwanja vya London, lakini kimoja kiko magharibi mwa jiji na kingine kusini, na kutoka kimoja hadi kingine kwa basi ni zaidi ya saa nzima. Alikaa kwenye benchi saa tatu, mfuko wa mlenda mkavu na karanga mapajani, Kiingereza hajui, simu haina laini ya kule. Binti huku analia, mama kule analia.

Tangu siku hiyo ndugu na majirani huniletea tiketi zao nizisome kabla hawajalipa. Swali langu la kwanza haliko kwenye tiketi: utalala nyumba gani? Wengi hushangaa. Na dhana ninazokutana nazo ni zilezile kila mara.

"Kama uwanja una jina la mji, basi uko mjini."

Si kweli, na hili ndilo linalowaponza wengi. London peke yake ina viwanja sita vinavyotumia jina lake: Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend. Heathrow uko kilomita kama 24 kutoka katikati ya jiji. Gatwick ni kilomita 45 hivi, kama kutoka Dodoma mjini hadi Hombolo. Stansted ni zaidi ya kilomita 60. Paris una Orly kusini, Charles de Gaulle kaskazini mashariki, halafu kuna Beauvais, unaouzwa kwa jina la Paris na uko kilomita 85 hivi, sawa na kushushwa Kongwa ukaambiwa umefika Dodoma. Ujerumani kuna uwanja wa Hahn uliouzwa miaka mingi kwa jina la Frankfurt ilhali uko kilomita kama 120 kutoka mji huo. Huko sasa ni kama Gairo.

Kinyume chake pia kipo. Newark hauna jina la New York wala hauko jimbo la New York, uko New Jersey, lakini treni yake inakuingiza katikati ya Manhattan. Anayeukataa kwa sababu ya jina anajinyima.

"Safari ni ya London, kwa hiyo nashukia London."

Hapa ndipo swali la nyumba ya kulala linapofanya kazi. Wengi wanaosema wanakwenda London hawaendi London. Wanakwenda kwa mtoto aliye Reading, kwa kaka aliye Birmingham, kwa rafiki aliye Brighton. Wa Reading ashukie Heathrow, maana mji huo uko upande huohuo wa magharibi. Wa Brighton ashukie Gatwick, kwa sababu treni ya kwenda Brighton inapita pale pale uwanjani na safari ni kama nusu saa. Wa Birmingham au Manchester hana sababu ya kuikanyaga London kabisa: Emirates wanatua Birmingham na Manchester moja kwa moja kutoka Dubai, na Dar wanafika.

Mama mdogo alipokwenda mara ya pili, tulitafuta ndege ya Dubai hadi Stansted. Kutoka Stansted treni inaingia Cambridge kwa nusu saa hivi. Mdogo wangu alimkuta mlangoni, na wakawa nyumbani chai ikiwa bado haijapoa kwenye chupa. Uwanja ulio mbali na London ndio uliokuwa karibu naye.

Washington nako ni hivyo. Ethiopian wanatua Dulles, ulio Virginia, na tangu Novemba 2022 treni ya mjini inafika hapo. Lakini ndugu akiwa Baltimore, uangalie pia uwanja wa BWI, ambao uko upande wao. Ule wa Reagan ulio jirani kabisa na ikulu yao usikutamanishe, maana ndege za masafa marefu kutoka Afrika hazitui pale. LaGuardia wa New York nao una sheria inayozuia safari nyingi zinazozidi maili 1,500, yaani kilomita kama 2,400.

"Kilomita chache maana yake ni karibu."

Pima kwa saa, usipime kwa kilomita. Gatwick uko mbali kuliko Heathrow, lakini treni yake ya haraka inafika kituo cha Victoria kwa nusu saa, wakati treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly kutoka Heathrow inakaribia saa nzima hadi katikati ya jiji. Ukitaka haraka kutoka Heathrow ipo nyingine ya dakika 15 hadi Paddington, ila bei yake ni ya kuuliza kwanza.

Wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Dubai wanalijua hili kwa miguu yao. Uwanja mkuu wa Dubai umepakana na Deira, ambako wengi hulala na kununua. Jengo la Kwanza na la Tatu yana kituo cha metro, Jengo la Pili halina. Sharjah si mbali ukitazama ramani, lakini barabara ya Sharjah na Dubai ina foleni inayoweza kula asubuhi yako nzima. Abu Dhabi ni kilomita kama 140 kutoka Deira. Afadhali huko kote viza ni moja, kwa hiyo ukikosea uwanja unapoteza muda na nauli tu. Kwingine unapoteza safari yenyewe, na hilo nalieleza hapa chini.

"Mtu wa Dodoma hana la kuchagua, ni Dar tu."

Kwa mkazi wa mjini Dodoma, mara nyingi ni kweli kwamba Dar ndiyo njia. Treni ya SGR iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024 imefanya Uwanja wa Julius Nyerere uwe jirani kuliko tulivyowahi kuota: saa tatu na nusu hadi nne kwenye reli, badala ya siku nzima kwenye basi. Lakini kuna jambo wengi hawaliangalii. Reli inapita upande wa uwanja kabla ya kuingia mjini, na kituo cha Pugu kiko upande huo. Ukienda hadi stesheni ya mwisho utalipa teksi ikurudishe ulikotoka, kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya treni, angalia kama treni hiyo inasimama Pugu, maana za haraka hazisimami kila kituo. Anayekwenda Dar kwa ndege naye ajue kwamba safari za kimataifa zinaondokea Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019. Ukishushwa jengo jingine utatoka nje na mizigo yako uhamie.

Mkoa wa Dodoma lakini si mjini tu. Fikiria mtu wa Kondoa. Kutoka Kondoa hadi Dar atapita Dodoma, Morogoro, Chalinze, zaidi ya kilomita 600. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, Kondoa imefunguka upande wa kaskazini pia: Babati, Arusha, hadi KIA, yaani uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Ni karibu nusu ya umbali ule. Na KIA si uwanja wa watalii peke yao. Qatar, KLM, Turkish na Ethiopian wote wanautumia. Nimewaona watu wa Kondoa wakishuka hadi Dar siku mbili kabla ya safari, wakilala nyumba ya wageni Ubungo, kupanda ndege ya shirika ambalo lingewachukua kule kaskazini. Inauma kuona. Watu wa Singida nao wafanye hesabu hiyo.

Tahadhari moja: uwanja wa Arusha si KIA. Wa Arusha uko Kisongo, na ukitokea Babati unaupita kabla hujaingia mjini. KIA uko ng'ambo ya pili, kwenye barabara ya Moshi, kilomita kama 50 kutoka Arusha. Kwenye tiketi wa Kisongo huandikwa ARK na KIA huandikwa JRO.

"Viwanja vikiwa vya jiji moja, kuhama kutoka kimoja hadi kingine ni kazi ndogo."

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Unaona tiketi ya bei nzuri, inafika IST saa tano asubuhi na nyingine inaondoka SAW saa tisa alasiri. Vyote ni Istanbul, unajisemea. IST ni uwanja mpya uliofunguliwa Oktoba 2018, uko upande wa Ulaya karibu na Bahari Nyeusi. SAW, Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia. Kati yao ni zaidi ya kilomita 70, jiji zima na mlangobahari wa Bosphorus katikati.

Barabara bado ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni mpaka. Ukibadilisha ndege ndani ya uwanja mmoja, mara nyingi unabaki eneo la wasafiri wa kupita. Ukihamia uwanja mwingine umeingia nchini, na kuingia nchini kunataka viza. Mtanzania anayetoka Heathrow kwenda Gatwick kwa kawaida anahitaji viza ya Uingereza, hata kama ana saa nne tu za kukaa kule. Charles de Gaulle na Orly vilevile, viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Marekani hata bila kuhama uwanja, kwa kawaida kila abiria anapita uhamiaji na anachukua sanduku lake kwenye uwanja wa kwanza alioingilia, kwa hiyo viza ni lazima. Mtu asiye nayo huzuiwa hapahapa Dar, kwenye dirisha la mizigo, na pesa zake zimekwenda.

Guangzhou ina mtego wake. Eneo lile lina viwanja vingi jirani: Guangzhou wenyewe, Shenzhen, Hong Kong. Mfanyabiashara mwenye viza ya China ya kuingia mara moja anaona tiketi rahisi ya kurudia Hong Kong, au anakwenda huko kuangalia mzigo akidhani yumo nchi ileile. Hong Kong ina uhamiaji wake. Ukivuka umehesabiwa umetoka China, na viza yako imeishia hapo. Kama masanduku yamebaki hotelini Guangzhou, utayafuataje?

Halafu angalia kama ni buking moja au mbili. Ndege ya kwanza ikichelewa na tiketi ni mbili tofauti, shirika la pili halikudai wala hulidai, kiti kimepotea. Nairobi, ambako viza hatuhitaji, watu huachwa kwa sababu hiyohiyo: wanashukia Jomo Kenyatta, ndege ya ndani inaondokea Wilson, na kati ya hivyo viwili kuna magari ya Nairobi.

"Tiketi rahisi ndiyo safari rahisi."

Chukua karatasi. Andika nauli ya ndege, kisha nauli ya kutoka uwanjani hadi mlangoni unakolala, kisha hoteli ikiwa utafika usiku na treni zimelala, kisha viza kama kuna mpaka wa kuvuka. Kwenda na kurudi. Mara nyingi ile tofauti iliyokuvutia inaisha kabla hujafika mstari wa tatu.

Ukitafuta kwenye simu, usiandike uwanja mmoja. Andika herufi za jiji zima: LON, PAR, NYC, TYO, MIL. Utaletewa viwanja vyake vyote uchague mwenyewe.

"Uwanja wa Dodoma ni ule wa mjini."

Hata kwetu jina hilo peke yake halitoshi tena. Serikali iliamua uwanja wa kimataifa ujengwe Msalato, kilomita kumi na ushee kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Arusha. Mtu wa Veyula au Makutupora ni jirani yake. Mkazi wa mtaa wa Kikuyu hapa mjini aliyezoea kwenda uwanjani kwa miguu itabidi ahesabu nauli na muda. Kwa hiyo ukimwambia mgeni "nakusubiri uwanjani Dodoma", mtajie ni upi.

"Nikishakabidhi sanduku, kazi imekwisha."

Bado. Mhudumu akimaliza kupima, anazungusha kibandiko kirefu cheupe kwenye mpini wa sanduku. Kina herufi tatu kubwa: hapo ndipo sanduku litakapokusubiri. Zilinganishe na herufi za mwisho kwenye tiketi yako. Ukiwa unakwenda Stansted zisome STN, Gatwick LGW, Heathrow LHR. Zikiwa tofauti, sema hapohapo, kabla mkanda haujaanza kulivuta. Kisha mpigie aliye ng'ambo, umtajie herufi hizo moja moja, naye akurudie.