Je, wajua? Tai wa Marekani yuko kwenye nembo tangu 1782 ila kisheria kawa ndege wa taifa juzi tu

Ukiwa na noti ya dola moja igeuze nyuma uangalie upande wa kulia, yupo tai kafungua mabawa, kifuani kabeba ngao, mguu mmoja kashika tawi la mzeituni mwingine kashika mishale. Ndo huyohuyo wa kwenye jalada la pasipoti yao, kwenye mageti ya balozi zao, mpaka kwenye ile meza anayosimama rais wao akihutubia. Yaani hata mtoto wa darasa la tatu ukimuonyesha atakwambia huyo ni wa Marekani.

Sasa cha ajabu ni hiki, mpaka Desemba 2024 Marekani haikuwa na ndege wa taifa. Kisheria hakuwepo kabisa! Ua la taifa wanalo tangu 1986, waridi. Mti wanao tangu 2004, mwaloni. Mnyama wanaye tangu 2016, yule baisoni wao mwenye nundu. Ndege? Hakuna, kila mtu alijua yupo kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumuandika. Aliyeshtuka ni mzee mmoja wa Minnesota anaitwa Preston Cook, jamaa amekusanya maelfu ya vitu vyenye picha ya tai, siku anatafuta karatasi inayosema huyu ndo ndege wa taifa akakuta karatasi yenyewe haipo, ndo akaanza kusumbua wanasiasa mpaka muswada ukapita na Biden akasaini tarehe 23 Desemba 2024.

Kwa hiyo swali ni mawili hapo, kwanza alifikaje kwenye nembo, na pili ilikuaje ndege anayependwa hivo akakaa karibu miaka 250 bila hata kutambulika rasmi, tena kuna kipindi alikaribia kuisha kabisa kwao. Jibu langu mi ni kwamba Wamarekani waliipenda picha, ndege mwenyewe mwenye manyoya na njaa yake hawakuwa na habari naye. Ngoja nieleze.

Tarehe 4 Julai 1776, siku ileile waliyopitisha tangazo la uhuru, Kongresi, yaani bunge lao, iliteua kamati ya kutengeneza muhuri wa taifa, na kwenye kamati wakawekwa vichwa vitatu, Benjamin Franklin, Thomas Jefferson na John Adams. Ungedhani kazi itaisha wiki hiyohiyo. Franklin akataka picha ya Musa kasimama ufukweni kanyoosha mkono na bahari inamfunika Farao na magari yake, Jefferson naye akataka wana wa Israeli jangwani wanafuata wingu mchana na nguzo ya moto usiku, Adams yeye akamtaka Herakle wa hadithi za Wagiriki anachagua kati ya njia ya wema na njia ya starehe. Tai hata hakutajwa na mmoja wao. Walivyopeleka kazi yao Kongresi ikaiweka kabatini, ikaja kamati ya pili 1780 nayo ikakwama, ya tatu ikaundwa 1782, na humo kijana mmoja wa Philadelphia anaitwa William Barton, mjuzi wa mambo ya nembo, akachora mchoro wenye vikorokoro kibao na juu kabisa akaweka katai kadogo keupe.

Juni 1782 Kongresi ikachoka, ikachukua makaratasi ya kamati zote tatu ikamkabidhi katibu wake Charles Thomson, we malizana nayo. Thomson hakuwa msanii ila alikuwa na jicho. Akamtoa yule tai wa Barton pale juu alipokuwa pambo tu, akamuweka katikati awe ndo nembo yenyewe, na akasema awe tai wa Amerika. Tarehe 20 Juni 1782 ikapitishwa. Miaka sita ya vigogo ikamalizwa na katibu ndani ya wiki moja, wanaofanya kazi maofisini wataelewa.

Na hapo kwenye "tai wa Amerika" ndo pana akili. Tai kwenye nembo ni jambo la zamani sana, majeshi ya Roma yalitembea na tai juu ya mti, Warusi wana wa vichwa viwili waliomrithi kutoka Bizanti, ile dola ya Roma ya mashariki, Wajerumani wanaye, Wapolandi wanaye. Nchi changa iliyotoka kumpiga mfalme wa Uingereza ilitaka nayo ionekane ni dola, si genge la waasi, kwa hiyo tai alifaa. Ila ukichora tai yeyote tu si unaonekana umenakili? Huyu mwenye kichwa cheupe anaishi Amerika Kaskazini peke yake, kuanzia Alaska na Kanada mpaka kaskazini mwa Meksiko, Ulaya hayupo. Yaani kwa mpigo mmoja wakapata ukubwa wa Roma na kitu ambacho hakuna mfalme wa Ulaya anaweza kusema ni chake. Halafu tusisahau wenyeji wa bara lile walikuwa wanamheshimu karne nyingi kabla, mataifa ya Iroquois kwenye mapokeo yao tai anakaa juu ya mti wa amani kuwalinda, na wana pia mishale iliyofungwa pamoja kama ishara ya umoja.

Vile vitu alivyoshika viko kwa hesabu. Mishale 13, majani ya mzeituni 13, zeituni zenyewe 13, mistari ya ngao 13, hata yale maneno ya Kilatini kwenye utepe wa mdomoni, E Pluribus Unum, "kutoka wengi, mmoja", ukihesabu herufi ni 13. Ni yale makoloni 13 yaliyoanzisha nchi, wala si uchawi jamani, maana najua video zinazozunguka. Na kichwa kageuzia upande wa mzeituni, maana yake amani kwanza. Kwenye muhuri wa rais lakini alikuwa anaangalia mishale, mpaka Oktoba 1945, vita kuu ya pili imeisha tu, Rais Truman akaamuru kichwa kigeuzwe.

Haya, tuje kwa Franklin, maana kuna stori maarufu kwamba alitaka bata mzinga awe ndege wa taifa badala ya tai. Si kweli. Kwenye kamati alitaka Musa, nimeshasema. Bata mzinga alitokea baadae, Januari 1784, kwenye barua aliyomwandikia binti yake Sarah. Kulikuwa na chama cha maafisa wa jeshi waliopigana vita ya uhuru, wametengeneza beji yenye tai, watu wakawacheka kwamba tai wenyewe anafanana na bata mzinga. Franklin akadandia utani huo, akasema bora basi angekuwa bata mzinga kweli, ana majivuno kidogo na ujinga kidogo lakini jasiri, askari wa Kiingereza akiingia uwanjani kwake atamvaa. Ila tai, akasema, ni ndege wa tabia mbaya, hali kwa jasho lake, anakaa juu ya mti mkavu anamsubiri mwewe avue samaki halafu anamnyang'anya, na juu ya hayo ni mwoga, kandege kadogo sawa na shomoro kanamfukuza.

Na unajua nini, kwa habari ya wizi mzee hakusingizia! Tai huyu anavua mwenyewe vizuri tu, kucha zake zinamkamata samaki juu juu ya maji bila hata kuzama, lakini akiona mwenzake amepata anaona ya nini kuhangaika. Mizoga anakula. Madampo anaenda. Kule Unalaska, kisiwa cha wavuvi Alaska, wanajazana bandarini kwenye meli za samaki na majalalani mpaka watu wanawakwepa. Kwa ndege wa porini hiyo si tabia mbaya, ni kuokoa nguvu, ila ukishamweka kwenye muhuri wa serikali lazima watu waanze kumdai maadili.

Hata sauti wamemtafutia nyingine. Ule mlio mkali unaosikia kwenye filamu tai akipita juu ya milima, mara nyingi si wake, ni wa mwewe mmoja wa kwao mwenye mkia mwekundu. Wa kwake mwenyewe ni kamlio kembamba ka kukatakata ambako hakaendani na ule mwili wa mabawa mita mbili na zaidi. Sisi huku tuna ndugu yake wa ukoo mmoja, furukombe, kichwa cheupe vilevile, aliyewahi kukaa Naivasha au kando ya Ziwa Victoria anamjua, na yule sauti anayo hasa, anapiga kichwa nyuma na ziwa zima linasikia. Furukombe naye ni ndege wa nembo, Zambia wanaye kwenye bendera, Namibia na Sudan Kusini wanaye kwenye nembo za taifa. Na ndio, naye ananyang'anya samaki wa wenzake, ukoo ni ukoo.

Turudi Marekani. Wakati picha ya tai inachorwa kwenye sarafu na majengo, ndege mwenyewe alikuwa anapigwa risasi kila kona, wafugaji wanasema anabeba wanakondoo, wavuvi wanasema anamaliza samaki. Alaska ndo walizidi, kuanzia 1917 serikali ya pale ilikuwa inalipa pesa kwa kila tai atakayeuawa, unapeleka miguu unapewa chako, na mpaka mpango huo unakufa 1953 tai zaidi ya laki moja walikuwa wamelipiwa. Laki moja, wa alama ya taifa! Mwaka 1940 Kongresi ilipitisha sheria ya kumlinda, ila Alaska, ambayo haikuwa jimbo bado, ikaachwa nje, kwa hiyo tai mmoja akikaa jimbo la Washington ni mali ya taifa akiruka kwenda kaskazini ni hela ya miguu.

Afu ikaja DDT, ileile wazee wetu wanayoikumbuka kwa kuua mbu na wadudu wa mashambani. Baada ya vita kuu ya pili ilinyunyizwa kila mahali kule, mvua ikaisomba kwenye mito na maziwa, ikaingia kwa vidudu vya majini, vikaliwa na samaki wadogo, wadogo wakaliwa na wakubwa, na kila hatua sumu inazidi kujilundika kwenye mafuta ya mwili, sasa anayekula samaki wakubwa kila siku ni nani? Haikumuua papo hapo. Ilivuruga namna mwili wa jike unavyopeleka kalsiamu kwenye ganda la yai, ganda likawa jembamba, mama akilala juu ya yai kuliatamia linapasuka chini yake. Tai wazima unawaona wapo, wanajenga viota, ila vifaranga hakuna, ndo maana ilichukua muda watu kushtuka. Mwaka 1963 kwenye majimbo 48 ya bara, yaani ukitoa Alaska na Hawaii, zilihesabiwa jozi 417 tu. New York, jimbo zima, ilifika mahali imebaki jozi moja, na hiyo moja haiangui.

Kilichomuokoa kinajulikana. Mwanabiolojia wa kwao, Rachel Carson, alitoa kitabu 1962 kikaamsha watu kuhusu dawa hizi, DDT ikapigwa marufuku 1972, akaingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, na watu wakaanza kazi ya mikono kabisa, New York kuanzia 1976 walikuwa wanaleta vifaranga kutoka kwingine wanawalea juu ya minara mirefu, wanawalisha bila kuonekana ili wasizoee binadamu, mpaka wanaruka wenyewe. Taratibu sana hiyo kazi, maana tai huyu kichwa chake kinakuwa cheupe akifika kama miaka mitano, ndo anaanza na kuzaa. Mwaka 2007 akatolewa kwenye orodha. Ripoti ya serikali ya 2021 ikasema majimbo yale 48 yana tai kama 316,700, jozi zinazozaa zaidi ya elfu 71. Kutoka 417, si mchezo. Shida ya sasa ni risasi za risasi, yaani madini yenyewe ya risasi, wawindaji wanaacha matumbo ya paa porini na vipande vya risasi ndani, tai anakuja kula mzoga, anapata sumu.

Ile sheria ya 2024 haikumuongezea ulinzi wowote, ilimpa jina tu. Ulinzi wake uko kwenye sheria ya 1940 na ya ndege wahamao ya 1918, na zile hazina utani. Mtu wa kawaida haruhusiwi kumiliki hata unyoya mmoja wa tai, hata kama umeuokota chini umedondoka wenyewe, kosa la kwanza linaweza kufika faini ya dola 100,000 na mwaka mmoja jela. Tai wakifa, miili yao na manyoya hupelekwa kwenye ghala la serikali karibu na Denver, Colorado, na kutoka pale hugawiwa wanachama wa makabila ya wenyeji yanayotambuliwa na serikali kwa ajili ya ibada zao, wanaomba kwa fomu, na anayetaka ndege mzima anaweza kusubiri miaka. Kwa hiyo wewe uliyeko huko Minnesota au Washington, unatembea kando ya ziwa na watoto mara unaona unyoya mkubwa mzuri umelala kwenye majani na mmoja anataka aupeleke shule, piga picha, uache palepale.