Januari ya ughaibuni: huzuni inayokuja sikukuu zikiisha

Desemba huku Minnesota, Marekani, tunaimaliza salama. Kuna Krismasi, kuna harusi zilizosogezwa ili ndugu waliotawanyika majimbo mengine wawahi likizo, kuna pilau ya mwaka mpya nyumbani kwa mtu, na watoto hawaendi shule. Baridi ipo na giza lipo, lakini mtu ana pa kwenda. Kazi yangu ya uuguzi wa afya ya akili huanza kuelemea wiki ya pili ya Januari. Ndipo watu wetu wanapokuja, na wengi huanza kwa kuomba radhi: "Dada, siumwi, ni uchovu tu."

Ukikaa nao kidogo, maneno yanatoka. Analala kwa muda wa saa kumi na bado anaamka mwili mzito. Usiku wa manane anasonga ugali. Simu ya mdogo wake inaita mpaka inakatika na yeye anaitazama tu. Jumapili ya pili hajaenda kanisani. Shifti ya Jumanne alipiga simu kusema anaumwa, kisha akalala mchana kutwa. Na kila mmoja anakuja na maelezo yake: uvivu, madeni ya sikukuu, imani imepungua, au kuna mkono wa mtu. Haya yote nayasikiliza kwa heshima, kwa sababu deni ni kweli na sala ni msaada. Lakini kabla ya yote huwa nauliza: mara ya mwisho kuona mwanga wa nje asubuhi ilikuwa lini? Mara nyingi hakumbuki. Hapo ndipo ninapoanzia, maana kwa wengi wa watu hawa kilichopungua ni nuru ya asubuhi, na nuru hiyo inaweza kurudishwa kwa kipimo, kama dozi.

Sisi tumekulia mahali ambapo jua ndilo saa. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa haifiki saa moja. Nairobi ni dakika chache tu. Minneapolis, hapa Minnesota, iko nyuzi 45 kaskazini: Juni mchana unapita saa 15 na nusu, na tarehe 21 Desemba haufiki saa tisa. Wengi wanajua kwamba baada ya tarehe hiyo siku zinaanza kurefuka, kwa hiyo wanashangaa kwa nini Januari inawalemea kuliko Desemba. Ukweli ni kwamba siku hurefukia jioni kwanza. Asubuhi zinaendelea kuchelewa, na wiki ya kwanza ya Januari jua linachomoza saa mbili kasoro dakika kama tisa. Mtu anayeingia shifti saa moja asubuhi ameshaanza kazi na nje bado giza totoro. Akiongeza na shifti ya pili, anatoka usiku. Anaweza kukaa wiki nzima asilione jua isipokuwa kwenye kioo cha dirisha la kantini.

Kwa nini asubuhi hasa? Nyuma ya jicho, mbali na chembe zinazotuwezesha kuona, kuna chembe nyingine chache zenye kemikali inayoitwa melanopsini. Kazi yake kubwa ni kupeleka habari ya mwanga kwenye sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Kukiwa giza, saa hiyo inaruhusu homoni ya melatonini itoke na mwili ujue ni usiku. Nuru kali ya asubuhi inaizima homoni hiyo. Nuru ikikosekana au ikichelewa, saa ya mwili nayo inachelewa: umeshavaa sare, umeshapanda gari, na mwili bado uko usiku. Kuna watu ambao miili yao huyapokea mabadiliko haya kwa nguvu zaidi, na melatonini yao hukaa muda mrefu zaidi kila usiku wa majira ya baridi kuliko wa kiangazi. Hiyo si tabia mbaya, ni maumbile.

Aliyelipa jambo hili nafasi katika udaktari alikuwa mtu wa jua kama sisi. Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg, akahamia New York mwaka 1976 kuendelea na masomo ya udaktari wa akili, na majira ya baridi yalipofika akajiona nguvu zinamwisha, kisha zinarudi jua lilipoanza kukaa. Mwaka 1984, akiwa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, yeye na wenzake walichapisha maelezo ya sonona ya msimu, yaani huzuni nzito inayorudi kila majira ya baridi, pamoja na jaribio la kuitibu kwa mwanga. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Alfred Lewy na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwamba mwanga mkali huzuia melatonini kwa binadamu, wakati mwanga wa kawaida wa chumbani haukutosha.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Mwanga hupimwa kwa laksi. Sebule yenye taa zote zimewashwa, ambayo macho yako yanaiona imeng'aa, kwa kawaida haivuki mia chache. Nje, hata siku ya mawingu mazito ya Januari, unapata elfu kadhaa. Siku ya jua kali hufika laksi 100,000. Jicho linajirekebisha upesi, kwa hiyo hatuoni tofauti hiyo, lakini saa ya mwili inaihesabu.

Niliingia nyumba ya mama mmoja wa Kikongo, mtu aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Madirisha yote yalikuwa na blanketi nene, zimepigiliwa misumari juu na kukunjwa chini ili upepo usipite. Ilikuwa saa tano asubuhi, na tulikuwa tunaongea chini ya balbu moja ya manjano. Nilishika simu yenye programu ya kupima mwanga: kwenye kochi alipokuwa akikaa kutwa, haikufika laksi 60. Tukavua blanketi la dirisha moja tu, lile la kusini, tukasogeza meza ya kulia pale, nikapima tena nikiwa nimeielekeza simu nje: ikapita 2,000. Yale mablanketi mengine tuliyaacha, maana baridi nayo si mchezo. Kuanzia siku hiyo chai yake ya asubuhi akainywa pale, akiwa amejitanda kanga juu ya sweta. Sikumwandikia dawa, wala sikumpa hotuba.

Dirisha likishindikana, kuna taa ya tiba. Inunuliwe yenye maandishi ya laksi 10,000, na usome pia umbali walioandika, kwa sababu taa nyingi ndogo zinatoa kiasi hicho ukiwa umeibandika karibu na pua tu. Ile nzuri ni pana, ina kizuizi cha miale ya urujuanimno (UV), na inakupa dozi ukiwa umekaa kama sentimita 40 hivi. Iweke mezani kwa upande kidogo, juu kidogo ya usawa wa macho. Macho yawe wazi lakini usiikodolee. Dakika 20 hadi 30, kila siku, ndani ya saa moja ya kuamka. Wanaoamka kuswali alfajiri waiwashe wakimaliza, na wenye kusoma msahafu au Biblia asubuhi wasome mbele yake. Wengi huanza kusikia nafuu ndani ya wiki moja au mbili. Ukiitumia jioni itakunyima usingizi, kisha utasema haifai.

Taa hii si ya kila mtu. Mwenye ugonjwa wa hisia mbili, yule anayepanda juu kwa furaha na haraka kupita kiasi kisha anashuka, asiianze bila daktari, kwani inaweza kumpandisha. Mwenye kisukari kilichogusa macho, presha ya macho au maradhi mengine ya jicho amwone daktari wa macho kwanza. Na kuna dawa, zikiwemo baadhi ya antibiotiki, zinazofanya ngozi na macho yaumizwe upesi na mwanga. Mwonyeshe mfamasia orodha yako. Maumivu ya kichwa siku za mwanzo huwa yanapita ukipunguza dakika.

Kwa waliotoka nyumbani likizo: kati ya Nairobi au Dar na hapa kuna tofauti ya saa tisa majira haya. Utaamka saa tisa usiku ukiwa macho makavu, na saa kumi na moja jioni kichwa kinaanguka mezani. Siku hizo za kwanza usikimbilie taa usiku huo wa manane. Baki gizani, subiri kuche, na alasiri toka nje utembee. Usingizi ukishakaa sawa ndipo uanze dozi ya asubuhi. Na wanaobeba boksi usiku, asubuhi yenu ni pale mnapoamka, hata kama ni saa nane mchana. Toka nje hapo hapo, kabla jua halijazama saa kumi na nusu na ushei.

Mwanga peke yake hautoshi, na hili nalisema kwa msisitizo. Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont aliwalinganisha watu 177 wenye sonona ya msimu, wengine wakapewa taa, wengine mazungumzo ya tiba ya vikundi yanayofundisha kubadili fikra na mazoea ya majira ya baridi. Msimu ule wa kwanza matokeo yalilingana. Lakini majira ya baridi ya pili baadaye, sonona ilikuwa imewarudia karibu asilimia 46 ya wale wa taa na asilimia 27 tu ya wale wa mazungumzo. Sababu naiona kila siku: taa inabaki kabatini, lakini aliyejifunza kutosubiri hamu ndipo atoke, hilo analo. Hamu katika sonona haiji kwanza, inakuja ukishafika. Kwa hiyo nawaomba watu wapange kitu kimoja kila wiki chenye mtu mwingine ndani yake: kwaya, chama cha akina mama, mpira wa ndani wa vijana, kusukana nywele Jumamosi. Mtu akiwa anakungoja utavaa buti.

Na Januari ina mzigo wake kwetu ambao majirani zetu Wazungu hawaujui. Wakenya wanaiita Njaanuari. Shule zinafunguliwa nyumbani, ada za wapwa na wadogo zinasomwa moja moja kwenye kundi la WhatsApp, na wewe una bili ya kadi ya Desemba na ya kupasha nyumba joto. Mtu anazima simu kwa sababu hana la kutuma, na kwa kuizima anapoteza sauti zilizokuwa zikimshika. Ushauri wangu ni kutaja kiasi mapema na kwa upole: "Mwezi huu nina hiki, kingine Machi." Ni vigumu kusema, lakini anayeujua ukweli wako ataendelea kukupigia hata bila kutumiwa.

Vitamini D naulizwa kila siku. Ngozi yetu huitengeneza polepole zaidi, na majira ya baridi huku jua liko chini mno, kwa hiyo wengi wetu tumepungukiwa. Pima damu, meza kama unavyoelekezwa, kwa ajili ya mifupa. Ila usitegemee iondoe huzuni: utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2020, wa watu zaidi ya 18,000 wa kuanzia miaka 50, haukuona kwamba iliwakinga na sonona.

Naogopa zaidi kwa wazee. Tumewaleta wazazi ili watulelee watoto, na tangu Novemba hawajavuka kizingiti kwa hofu ya kuteleza. Mzee akinyamaza tunasema ni uzee. Mnunulie vile vyuma vya kuvisha chini ya viatu, mshike mkono, mzunguke naye jengo saa sita mchana hata dakika kumi. Kisha mwulize analalaje, na umsubiri ajibu.

Ukiona wiki mbili zimepita, siku nyingi huna furaha na chochote, kazi inashindikana, au pombe imeongezeka, njoo kliniki. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inatakiwa ikupe mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Usimtumie mtoto wako. Kuna dawa pia, na bupropioni ya kutenda polepole iliidhinishwa mwaka 2006 mahsusi kukinga sonona ya msimu, ikianzwa kabla baridi haijaingia. Na yakikujia mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje miadi. Piga 988, namba ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, ukiwa Marekani au Kanada, saa yoyote. Ukiwa Marekani, sema "Swahili" na usikate simu mpaka mkalimani aingie.

Wale ambao hali hii inawarudia kila mwaka, wekeni kikumbusho kwenye simu leo: wiki ya mwisho ya Septemba, taa itoke kabatini, na miadi ya daktari iwe kabla ya saa kurudishwa nyuma Novemba.